Kichwani au Kisimani: Reli ya Mombasa Bara Ipite Wapi?

Saa kumi na moja jioni, kivukoni upande wa kisiwani, feri haijagusa gati sawasawa na watu washaanza kusogea. Mbele yangu alisimama mama wa makamo, beseni la samaki kichwani, ngata ya kanga chini yake, mkono mmoja umeshika beseni na mwingine umeshika mtoto. Samaki walikuwa wa kwenda kukaangwa Likoni jioni ile ile. Foleni ilikuwa ndefu, nikamwuliza lililokuwa likinizunguka akilini tangu asubuhi: “Mamangu, wakija kujenga treni ya kupita juu hapa, au ya chini kwa chini, wewe utapenda ipi?”

Akanitazama kwanza, kama anayepima iwapo nina nia mbaya au nimekosa kazi tu. “Mwanangu, ngazi ni ngapi?”

Mlango wa feri ukashuka kwa kishindo, chuma juu ya zege, tukasombwa na umati. Sikuwahi kumjibu, na kusema kweli jibu sikuwa nalo.

Swali la reli ya juu na reli ya chini kwa kawaida huulizwa kwa lugha ya bei na sura. Nguzo huharibu mandhari, handaki humeza fedha. Mtaa wa Tysons, nje kidogo ya Washington huko Marekani, ulivutana hivyo kwa miaka. Wenye biashara na wakazi wengi walililia handaki, lakini mwaka wa 2006 gavana wa Virginia, Tim Kaine, akakubali nguzo kwa kuhofia kwamba bei ya handaki ingewakosesha fedha za serikali kuu. Reli ikafunguliwa Julai 2014, sehemu kubwa ya njia yake pale Tysons ikiwa juu ya nguzo, na handaki fupi tu. Mvutano wa namna hiyo una maana pale ambapo hati za ardhi ni safi na karibu kila abiria ana gari alilolipaki mahali. Mombasa Bara ina mambo yake: bahari inayoingia hadi uani, mwamba wenye matundu, na ardhi ambayo mwenye nyumba mara nyingi si mwenye kiwanja. Tukiliuliza swali hili kwa jumla tutapata jibu la jumla lisilomfaa mtu. Changamwe ina jibu lake, Kisauni lake, Likoni lake.

Nianze na Changamwe, maana ndiko reli iliko. Likoni hakuna reli ya abiria, Kisauni hakuna. Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka wa 1896, na moja ya mambo ya mwanzo yaliyowatoa jasho wajenzi ni maji ya Makupa. Walivuka kwa daraja la mbao la muda ili kazi isisimame, la kudumu likafuata baadaye. Hata kabla ya hapo, mwaka wa 1890, Kampuni ya Imperial British East Africa ilikuwa imejaribu kijireli chembamba cha upana wa futi mbili, ikakiacha baada ya maili chache. Vyuma vyake vikaishia kuwa njia ya vigari vya troli katika mitaa ya kisiwani: abiria ameketi chini ya kivuli cha turubai, wasukumaji wanakimbia nyuma. Kwa hivyo Mombasa ilikuwa na usafiri wa reli wa ndani ya mji zaidi ya miaka 100 iliyopita, na ulikuwa wa ardhini, unapandia mlangoni, ngazi hakuna.

Reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria Juni 2017, na kituo chake kikawekwa Miritini. Kituo chenyewe ni cha kupendeza, kina mnara katikati na mapaa yaliyotandazwa kama mawimbi. Ila ukishuka pale usiku na sanduku lako, bado hujafika Mombasa. Makanga wanakuvuta huku, dereva wa tuktuk kule, na ukishaingia garini Changamwe inakushika: trela mbele, trela nyuma, kontena juu ya kontena. Dawa iliyopendekezwa ni ya busara kuliko inavyosifiwa. Nayo ni kufufua ile reli ya mita moja aliyoiacha Mwingereza na kuiunganisha na Miritini, ili treni ndogo imfikishe abiria hadi stesheni ya zamani kisiwani. Njia ipo. Ardhi ya reli ipo. Hata stesheni ya Changamwe ipo tangu enzi hizo.

Je, ingefaa reli hiyo iinuliwe juu ya nguzo ipite Changamwe yote bila kugusa barabara? Au izikwe? Kuzika nakuondoa mapema. Chini ya Changamwe kuna vitu viwili. Cha kwanza ni mwamba ambao wanajiolojia wameupa jina la Changamwe yenyewe. Ni udongo wa zama za Jurasiki ulioshikana tabaka kwa tabaka, kama kurasa za kitabu kilicholowa maji kikakauka. Kuuchimba si kazi kubwa. Kazi ni kuuzuia usikuangukie, kwa sababu ukilowa unalegea na kuteleza, na mvua za Mombasa hazibishi hodi. Cha pili ni mafuta. Bomba la mafuta la kwenda Nairobi linaanzia pande hizi, na la kwanza lilianza kazi mwaka wa 1978, na kiwanda cha kusafishia mafuta, ingawa kiliacha kusafisha mwaka wa 2013, kimeacha matangi na mabomba yake. Wakenya hawahitaji kukumbushwa mtaa wa Sinai, Nairobi, Septemba 2011, mafuta yalipovuja na kushika moto na watu zaidi ya 100 wakafa. Kupeleka mashine ya kuchimba handaki katikati ya mtandao kama huo, mradi abiria wasione trela, ni kutafuta balaa kwa tochi.

Nguzo nazo zinawezekana, ila kwa nini? Gari linaweza kupanda mwinuko wa mita sita kwa kila mita 100 bila taabu kubwa. Treni ya mjini ikifika mita tatu au nne kwa mita 100 inaanza kuhema. Mahali reli na barabara zinapokutana, anayefaa kupanda ni gari. Changamwe tayari imeshaonja dawa hiyo pale palipokuwa na mzunguko, ambapo barabara zimepandishwa juu ya barabara. Ukiongeza kwamba uwanja wa ndege wa Moi uko hapo hapo na kila kinachoinuka jirani na njia ya ndege huwekewa mpaka wa urefu, hoja ya kuinua reli inabaki bila miguu. Reli ibaki chini, juu ya mataruma yake, barabara ziivuke kwa juu.

Tahadhari ipo, na imeandikwa Addis Ababa. Mji ule ulifungua treni yake ya mjini mwaka wa 2015, kilomita 34 hivi, sehemu nyingine juu ya nguzo na sehemu nyingi ardhini. Zile za ardhini zikauzungushia mji uzio. Mtu aliyezoea kuvuka barabara kwenda dukani akajikuta anatembea mbali kutafuta pa kuvukia. Changamwe, Chaani na Mikindani ni mitaa ya watu wa miguu na mikokoteni. Reli ya ardhini bila vivuko vya karibu karibu itaukata mtaa vipande viwili. Vivuko hivyo viwe vya mteremko wa kupitisha mkokoteni, visiwe vya ngazi. Kivuko cha ngazi mtu wa mkokoteni hakimhusu, atavuka relini.

Kabla sijaenda Kisauni, niseme la fedha, kisha niliache. Hesabu ya haraka ya wahandisi wa reli duniani ni kwamba reli ya juu hugharimu mara mbili hadi tatu ya reli ya ardhini, na ya chini kwa chini mara nne hadi sita, wakati mwingine zaidi. SGR ya Mombasa hadi Nairobi, ambayo sehemu kubwa inapita porini, iligharimu takriban shilingi bilioni 327, nyingi zikiwa mkopo wa China, na bado tunailipa. Kaunti ya Mombasa ilihesabiwa watu 1,208,333 katika sensa ya 2019. Ni wengi wa kujaza treni, lakini si wengi wa kulipia handaki kwa nauli zao. Yeyote atakayekuja na mchoro wa reli ya chini kwa chini inayojilipa yenyewe hapa Mombasa, mkaribishe kahawa na halwa, umsikilize, kisha umsindikize.

Kisauni ni ngoma nyingine. Toka daraja la Nyali, lile la zege lililofunguliwa mwaka wa 1980 kuchukua nafasi ya daraja la kuelea, pita Kongowea, Bombolulu, Bamburi, endelea mpaka Mtwapa. Hii ndiyo njia ya biashara ya Mombasa Bara kuliko zote: soko la jumla la Kongowea, maduka makubwa ya Nyali, kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahoteli ya pwani, na nyumba za kupanga zinazoongezeka kila uchao. Ukitafuta mahali penye haki ya kuitwa mtaa wa biashara wa pembezoni, ni hapa. Na ndipo hapa swali la juu au chini linapoanza kuuma kweli, kwa kuwa ardhini hapana nafasi tena.

Chini ya Kisauni ni mwamba wa matumbawe. Kila aliyejenga Mombasa anaujua. Ni mgumu ukiupiga kwa sururu, kisha ghafla sururu inazama, kumbe kuna tundu. Pwani yote hii ina mapango. Lakini mwamba huo ndio pia tangi la maji la maskini. Mvua hupenya kwenye vitundu vyake, maji matamu yakakaa juu ya maji ya chumvi yaliyotoka baharini, na watu wakayafuata kwa visima. Maji ya mfereji yanayotoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi hayajawahi kuutosha mji huu, kwa hivyo kisima cha Kisauni si kumbukumbu ya mababu. Kinachotwa leo asubuhi, kinajaza madumu ya mkokoteni, kinauzwa mlango kwa mlango. Handaki katika mwamba wa namna hii lina mambo mawili ya kufanya: ama lizuie maji yasiingie, au liyatoe kwa pampu mchana na usiku. Ukiyapampu, yale matamu yanaondoka kwanza na ya chumvi yanapanda kuchukua nafasi. Treni ipite salama, kisima kigeuke chumvi. Vyoo vya shimo vilivyo hatua chache kutoka visimani vimeshatutosha kwa shida.

Kuna pia mafuriko. Hoja ya kwamba treni ya chini haiathiriwi na mvua ni hoja ya nchi za baridi. Mumbai, mji uliokaa kwenye bahari yetu hii hii, ulifungua kituo kipya cha reli ya chini Mei 2025, na katika mwezi huo huo mvua ikakiingia, maji yakatiririka hadi kwenye jukwaa la abiria. Bangkok waliliona mapema. Reli yao ya chini ilipofunguliwa mwaka wa 2004, milango ya vituo iliinuliwa juu ya usawa wa barabara. Abiria hupanda ngazi kwanza ndipo ashuke chini. Mama wa beseni angecheka.

Halafu umeme. SGR yetu inakwenda kwa dizeli, tofauti na ya Tanzania iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka wa 2024 kwa umeme. Dizeli huwezi kuishusha handakini bila kuvuta moshi kwa mashine kubwa, kwa hivyo handaki kwetu lina maana ya kuanza upya na umeme. Na umeme wenyewe ndio ule uliozimika karibu nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, hata uwanja wa ndege wa Nairobi ukakaa gizani. Juu ya nguzo, umeme ukikatika treni inasimama, watu wanafungua madirisha na kumlaani mtu fulani. Chini ya ardhi pampu nazo zinasimama, na feni, na taa.

Kwa Kisauni, basi, nasema juu. Nasema nikijua nguzo zina maovu yake. Chumvi ya bahari inaingia kwenye zege na kula nondo za ndani, kama inavyokula mabati ya nyumba zetu, na daraja la reli linalojengwa hatua chache kutoka ufukweni lisipopewa zege nzito na matengenezo ya kila mara litaanza kubanduka kabla mkopo haujaisha. Kelele pia zitakuwapo. Lakini lile linalolalamikiwa zaidi ng'ambo, kwamba reli ya juu inatia kivuli mtaani, sijui nani wa Kongowea atakuja kulilalamikia. Mombasa kivuli ni mali. Mwembe mmoja una kinyozi, fundi viatu, muuza kahawa na wazee wa bao. Chini ya nguzo vibanda vitaota kabla zege halijakauka, na kazi ya serikali ya kaunti itakuwa kuvipanga, kuviwekea maji na taa. Kama itaona kazi yake ni kuvibomoa, itabomoa kila mwaka na kila mwaka vitarudi.

Pa kusimamisha nguzo hizo ni katikati ya barabara ya Malindi, ambayo imekuwa ikipanuliwa kuwa njia mbili mbili. Ukanda wa katikati ukiachwa mpana, reli ina pa kuweka miguu hata baada ya miaka ishirini. Ukimezwa na lami, siku ya reli itabidi kubomoa maduka. Uamuzi huo hauhitaji mkopo kutoka Japani wala China. Unahitaji mhandisi wa barabara na mpangaji wa mji wakae kwenye meza moja.

Nimetaja kubomoa, na hapo ndipo penye donda. Wapo wanaodhani kwamba ukipita juu sana au chini sana unaikwepa ardhi ya watu. Katiba ya Kenya ya 2010 haikubali ujanja huo. Kifungu cha 260 kinapoeleza maana ya ardhi kinataja uso wa nchi na mwamba ulio chini yake, na kinataja pia anga iliyo juu. Ukipita kichwani umepita kwenye ardhi ya mtu, ukipita kisimani vile vile. Swali ni mtu yupi. Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka wa 1908, ukanda wa Pwani umekuwa na wenye hati walioko mbali na wenye nyumba walioko papo hapo. Kuna desturi ya Mombasa ambayo mgeni kutoka bara haielewi mpaka aelezwe mara mbili: nyumba bila ardhi. Umejenga, umeezeka, umezaa na kuzika humo, lakini kila mwezi unamlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Reli ikija, hundi ya fidia itaandikwa kwa jina la nani? Kifungu cha 40 kimeacha mlango: inawezekana kumlipa anayekaa kwa nia njema hata kama hana hati. Kimesema inawezekana, hakikusema lazima. Likoni wanaikumbuka hadithi ya shamba la Waitiki, ekari 930, ambako ilibidi serikali iingilie kati ndipo maelfu ya waliolikalia wakapata hati mwaka wa 2016, baada ya mvutano wa miaka mingi. Nguzo moja ya reli inakula mita chache tu za mraba. Nguzo mia tano ndani ya nyumba bila ardhi ni kesi mia tano.

Sasa Likoni, na hapa niliwahi kukosea. Kwa muda mrefu niliamini kwamba kama kuna mahali Mombasa panapostahili handaki, ni kivukoni. Maji yenyewe ni nusu kilomita hivi. Takwimu zinazotajwa kila mara ni watu 300,000 na magari 6,000 kwa siku. Daraja kubwa linalopangwa kwa msaada wa Japani, Mombasa Gate Bridge, limechorwa likiwa limeinuka takriban mita 69 juu ya maji ili meli za bandarini zipite chini. Nikawa najiuliza: kwa nini kupanda mita 69 ilhali meli inahitaji kina cha mita 15 tu? Mlango wa bandari ulichimbwa kufikia kina hicho mwaka wa 2012. Ukipita chini, si unashuka kidogo tu?

Jibu lilikuwa kwenye jina muda wote. Kilindini. Kilindi ni mahali penye kina kirefu, na waliopaita hivyo hawakuwa wakitania. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likatumbukia kutoka kwenye feri ya MV Harambee, mama na mtoto wake ndani. Nchi nzima ilisubiri siku 13, na lilipopatikana wapiga mbizi walikuwa kwenye kina cha mita 58. Mita 15 ni pale penye kina kifupi walipolazimika kuchimba. Kivukoni bahari ni shimo. Handaki la kulazwa juu ya sakafu ya bahari hapo lingeshuka kufikia mita 60 na kitu, ukiongeza kimo cha handaki lenyewe. Na la kuchimbwa ndani ya mwamba lingeshuka zaidi.

Piga hesabu. Treni inashuka mita tatu kwa kila mita 100. Kufika chini ya mita 69 inahitaji zaidi ya kilomita mbili kila upande. Kupanda juu ya mita 69 inahitaji kilomita mbili vile vile. Kwa hivyo treni ya daraja itapita juu ya paa za Likoni zote za jirani na kivuko kabla haijagusa ardhi, na treni ya handaki itapita chini ya vyoo vyao. Iwe ya juu, iwe ya chini, kituo kitakuwa mbali na soko, mbali na steji, mbali na kivuko. Reli itawavusha watu wa Likoni bila kuwapitia.

Ulimwenguni handaki la namna hii limewahi kujengwa. Istanbul walifungua reli ya Marmaray chini ya mlango wa Bosphorus tarehe 29 Oktoba 2013, vipande vya zege vilivyotengenezwa nje, vikavutwa na kuzamishwa hadi kina cha mita 60 hivi, kwa mikopo iliyotoka kwa hao hao Wajapani. Mradi ulichelewa miaka kadhaa, kwa kuwa walipochimba kituo kimoja waliikuta bandari ya kale na mabaki ya meli 37. Sisi pia tungekuta vyetu, maana meli ya Kireno Santo António de Tanná imelala karibu na Ngome ya Yesu tangu 1697. Lakini Istanbul ni mji wa watu zaidi ya milioni 14, wenye reli pande zote mbili za maji zilizokuwa zikisubiri kuunganishwa. Likoni inaunganishwa na reli ipi?

Njia ya busara kuelekea kusini naiona kule nyuma, Dongo Kundu. Barabara ya kuzunguka kutoka Miritini imeshaonyesha kwamba huko juu ya hori, meli kubwa zisikofika, unaweza kuvuka kwa madaraja mafupi ya kwenda juu na marefu ya kwenda mbele. Daraja la Mteza lina kilomita 1.4 hivi na halikulazimika kushindana na minara ya meli. Reli ikifuata ukanda huo itaingia Likoni kwa mgongoni, ardhini na juu ya madaraja ya kawaida, ikitokea Miritini ambako tayari kuna SGR. Ubaya wake ni dhahiri: kutoka Likoni hadi kisiwani kwa njia hiyo ni kilomita thelathini na kitu kukwepa nusu kilomita ya maji, na hakuna muuza samaki atakayekubali. Lakini si kila mtu wa Likoni anakwenda kisiwani. Wengi wanafanya kazi Changamwe, bandarini Kipevu, uwanja wa ndege, viwanda vya Miritini. Hao leo wanavuka maji kwa feri, wanavuka kisiwa kizima, wanavuka tena Makupa. Wakipewa treni ya Dongo Kundu wataiachia feri nafasi.

Anayekwenda kisiwani na abaki na feri, ila feri inayostahili jina hilo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe na watu 272 wakafa. Kila mwenye umri wangu Likoni ana jina moja kichwani anapoikumbuka siku hiyo. Wakati wa korona, mwaka wa 2020, serikali ilijenga daraja la watembea kwa miguu la kuelea kutoka Liwatoni kwa shilingi bilioni 1.9. Lilikuwa na kasoro zake, likifunguliwa katikati kila meli ilipopita na watu wakasimama juani. Lakini watu walilipita, na walilipita na mizigo, kwa sababu lilikuwa karibu na maji. Daraja la mita 69 halitamfaa anayetembea, hata likijengwa zuri namna gani. Na kivukoni wanaotembea ndio wengi.

Najua uamuzi huu hautapendeza wanaopenda michoro. Changamwe reli ibaki ardhini, Kisauni ipande nguzo katikati ya barabara, Likoni izungukwe kwa nyuma na feri ziongezwe. Handaki sijaligawia kilomita hata moja ya Bara. Nikibanwa sana ningeligawia kipande kifupi kisiwani, kwa kuwa kati ya stesheni ya zamani na daraja la Nyali hapana pa kusimamisha nguzo bila kubomoa historia, lakini hilo ni la siku nyingine.

Kwa sheria za Kenya mradi kama huu haupiti bila ripoti kwenda NEMA, mamlaka ya mazingira, na bila wananchi kuulizwa. Siku tangazo la kukusanya maoni litakapobandikwa, nenda, na umchukue jirani yako asiyesoma matangazo. Bei watakutajia wenyewe hata usipouliza. Wewe uliza fidia itaandikwa kwa jina la nani. Uliza kisima chako kitapimwa chumvi kabla na baada. Uliza ngazi ni ngapi, lifti ni ngapi, na siku umeme ukikatika mwenye beseni kichwani anapanda vipi. Wakikujibu kwa kukuonyesha picha ya kompyuta yenye watu wanaotabasamu wasiobeba kitu, uliza tena.